Tusipotuliza maumivu ya watoto wenye mguu kifundo, plasta zitakuwa kazi bure

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii nimeisikia mara nyingi katika miaka yangu ya ualimu, na karibu kila mara anayeitamka huwa ameshika fimbo. Mwaka 2024 niliisikia mahali ambapo sikuitegemea: kwenye mlango wa chumba cha kufungia plasta, katika kituo kimoja cha tiba hapa Bujumbura. Mhudumu alikuwa anamtoa nje mama wa mtoto wa wiki tatu. "Wewe kaa huko," alimwambia, "mchelea mwana kulia hulia yeye." Kisha akafunga mlango.

Mama huyo ni binti wa marehemu kaka yangu. Anaishi Mabanda, upande wa Makamba, na riziki yake anaipata kwa kuvusha bidhaa kati ya Mugina na Manyovu. Mwanawe alizaliwa na miguu yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zikitazamana. Wataalamu wanaita hali hiyo mguu kifundo. Kwa kuwa tiba yake inataka mtoto afikishwe kituoni kila wiki, nilimkaribisha kwangu Mutanga Sud, katika vyumba viwili vya uani ninavyopanga, ili asihangaike na basi kutoka Makamba kila Alhamisi.

Ndugu msomaji, sitaki kukuchosha na habari za familia yangu. Nazitaja kwa sababu yaliyompata binti huyu yanawapata wazazi wengi, hasa sisi tuliorudi kutoka uhamishoni na wenzetu wanaoishi kwa biashara ya mpakani. Baada ya Alhamisi mbili za kusimama nje ya mlango ule, Alhamisi ya tatu hakuonekana. Alikuwa ameondoka alfajiri na mtoto, akarudi Mabanda. Aliporejea zilikuwa zimepita wiki tatu. Plasta ilikuwa imeteleza, vidole vya mtoto vimezama ndani, ngozi ya kisigino imechubuka, na miguu imeanza kurudi ilikotoka. Nilimuuliza kama ni nauli iliyomshinda. Akanijibu: "Masenge, nauli nilikuwa nayo. Sikuweza kusikia tena kilio kile."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Tumezoea kusema kwamba wazazi wanaacha tiba kwa sababu ya umaskini, umbali au ujinga. Sababu hizo zipo, sizikatai. Lakini ipo nyingine ambayo haiandikwi katika daftari la kituo chochote: maumivu ya mtoto ambayo hakuna aliyejali kuyatuliza, na moyo wa mama uliochoka kuyasikiliza.

TIBA IPO, NA HAIKUVUMBULIWA NA MATAJIRI

Ni vizuri kwanza tuielewe tiba yenyewe. Aliyeibuni ni daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca, Hispania, mwaka 1914. Wasomaji waliopitia kambi watapenda kujua kwamba naye alikuwa mkimbizi. Alitibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, na upande wake uliposhindwa mwaka 1939 alivuka mpaka kuingia Ufaransa, kisha akaenda Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliona watoto wenye mguu kifundo waliopasuliwa wakikua na miguu migumu yenye maumivu. Akatafuta njia ya kuinyoosha kwa mikono mitupu.

Njia hiyo inafuata methali nyingine ya Kiswahili, samaki mkunje angali mbichi. Mguu wa mtoto mchanga bado ni laini. Kila wiki mtaalamu anaukanda taratibu na kuusogeza kidogo kuelekea mahali pake, kisha anaufunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Wiki inayofuata plasta inatolewa, mguu unasogezwa tena, inafungwa nyingine. Kwa kawaida plasta tano hadi saba zinatosha. Mwishoni watoto wengi, nane au zaidi katika kila kumi, wanahitaji kano ya kisigino ikatwe kidogo baada ya sindano ya ganzi, kisha plasta ya mwisho inakaa wiki tatu mpaka kano iunge. Baada ya hapo mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, na baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afikishe miaka minne au mitano.

Mtu wa pili ninayetaka kumtaja ni Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda. Familia yake iliondoka mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mwaka huohuo wa 1972 ndio uliowatoa wazee wetu Burundi na kuwapeleka Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Pirani akawa bingwa wa mifupa nchini Canada, na ndiye aliyetunga kipimo kinachotumika sasa duniani kote kueleza mguu umepinda kiasi gani, kuanzia sifuri hadi sita. Hakuisahau Uganda. Alishiriki kuanzisha huko mradi mkubwa wa tiba hii pamoja na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Makerere. Hapohapo Kampala, Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya ngozi na chuma ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvitengeneza kwa vifaa vya mjini. Uganda na Malawi zilionyesha pia kwamba si lazima asubiriwe daktari bingwa. Wahudumu wa kada ya kati waliofundishwa vizuri wanaweza kufunga plasta hizi na miguu ikanyooka.

Utafiti wa Uganda ulikuta mtoto mmoja kati ya takriban 800 anazaliwa na mguu kifundo. Chukua hesabu hiyo uiweke juu ya watoto wanaozaliwa Burundi kila mwaka, ambao ni mamia ya maelfu, utaona kwamba tunazungumzia mamia ya watoto wapya kila mwaka. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, karibu mara mbili, na nusu ya watoto hao wamepinda miguu yote miwili. Si laana, si matokeo ya mama kuruka kitu fulani akiwa mjamzito, wala si dhambi ya ukoo.

Nchini mwetu pia hatuanzi na sifuri. Tangu Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ipo Institut Saint Kizito hapa Bujumbura, kipo kituo cha taifa cha viungo na mazoezi kule Gitega. Tanzania wanayo CCBRT ya Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tuliokulia huko tunaijua kwa jina. Elimu ipo na vifaa si vya gharama kubwa. Swali la kujiuliza ni hili: kinachovunjika ni nini?

WAKATI MADAKTARI WALIPOAMINI KWAMBA KICHANGA HAUMWI

Kwa mtazamo wangu kinachovunjika ni uvumilivu wa mzazi, na mara nyingi tunauvunja sisi wenyewe kwa imani ya zamani kwamba mtoto mchanga analia tu, haumwi.

Tusidhani imani hiyo ni ya vijijini pekee. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na usingizi kidogo sana, kwa hoja kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Aliyeitikisa hoja hiyo ni daktari mzaliwa wa India, Kanwaljeet Anand, alipokuwa Oxford, Uingereza. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa watoto njiti waliopasuliwa. Waliopewa dawa kali ya maumivu walipata misukosuko midogo mwilini na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wale ambao hawakupewa. Kwa maneno mengine, mwili wa kichanga ulikuwa ukijua kila kitu, ila hakuwa na lugha ya kusema.

Wapo watakaosema, hata kama anaumwa hatakumbuka. Hoja hii nayo ina jibu. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Canada, waliwatazama wavulana waliokuja kuchanjwa wakiwa na miezi minne hadi sita. Waliokuwa wametahiriwa uchangani bila ganzi walilia zaidi kwenye chanjo kuliko wengine. Kichwa kinaweza kusahau, lakini mwili una daftari lake.

Ili tuwe wakweli, kufungwa plasta si sawa na kupasuliwa. Ponseti mwenyewe alisisitiza mikono laini, na mtaalamu anayejua kazi yake hamuumizi mtoto kwa makusudi. Mtoto analia kwa mengi: njaa, baridi, kushikwa asijinyooshe, sauti ngeni, harufu ngeni, kukosa mama. Lakini sehemu ya kilio hicho ni maumivu, na inawezekana kuyapima. Wauguzi wana vipimo vya kutazama uso umekunjamana vipi, kilio ni cha namna gani, pumzi zinakwendaje, mikono na miguu imekakamaa au imelegea, na mtoto yuko macho kwa utulivu au anahangaika. Kila alama inapewa namba, zinajumlishwa. Ni kazi ya nusu dakika, haihitaji mashine wala umeme.

SUKARI, ZIWA NA MIKONO YA MAMA

Sasa nirudi kwenye Alhamisi ya nne. Siku hiyo zamu ilikuwa ya mhudumu mwingine, mwanamume wa makamo. Tulipofika alimwambia binti yetu mambo matatu. La kwanza, asimnyonyeshe mtoto kwa wakati huo, atamwita kabla ya zamu yake. La pili, aingie naye ndani. La tatu, kama mtoto akilia sana amwambie, naye atasimama. Plasta ya zamani ilitolewa kwa kulowekwa katika maji ya uvuguvugu na kukunjuliwa polepole, bila msumeno wa umeme ambao makelele yake yanamtisha hata mtu mzima. Mtoto alifutwa na kufunikwa kitenge. Kisha mama akakaa pembeni ya meza, akampa ziwa, na kazi ikaendelea huku mtoto akinyonya. Alilia? Alilia, mara mbili, wakati vidole vya mhudumu vilipokuwa vinashikilia mguu plasta ikikauka. Lakini alinyamaza akarudi kwenye ziwa. Usiku ule Mutanga Sud tulilala.

Mtoto mmoja si ushahidi, na mimi ni mwalimu, si muganga. Lakini alichofanya mhudumu yule kinaungwa mkono na utafiti. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kunyonyesha wakati wa sindano kunapunguza maumivu ya kichanga, na kwamba matone machache ya maji ya sukari kwenye ulimi, dakika mbili hivi kabla ya tendo, yanafanya vivyo hivyo. Madaktari wa mifupa wa Marekani walilijaribu jambo hili kwenye plasta za mguu kifundo zenyewe, wakilinganisha maji ya sukari, maziwa na maji matupu. Watoto waliopewa sukari au maziwa walionyesha maumivu madogo kuliko waliopewa maji.

Jambo hili lina faida ya pili. Mtoto aliyetulia analegeza misuli. Mguu uliolegea unasogezwa kwa urahisi, na plasta inakaa vizuri inavyotakiwa. Mtoto anayepiga mateke anaharibu plasta kabla haijakauka, na mhudumu anajikuta anatumia nguvu mahali ambapo Ponseti alikataza nguvu. Kwa hiyo anayesema hana muda wa kumtuliza mtoto anapoteza muda huohuo akishindana naye.

Najua wafanyabiashara wanaosoma hapa watacheka nikitaja sukari, kwa sababu mara ngapi sukari ya Moso imeadimika madukani hapa mjini wakati magendo yakishamiri mipakani? Lakini kichanga hahitaji kilo. Anahitaji matone. Kilo moja ingetosha chumba kizima cha plasta kwa muda mrefu.

KWA NINI HAIFANYIKI?

Kwanza ni haraka. Katika miaka ya karibuni madaktari wengi wa Burundi wamekwenda nje kutafuta malipo bora, na waliobaki wanahudumia foleni ndefu. Mhudumu mwenye watoto 15 asubuhi moja anaona mama ndani ya chumba ni kikwazo. Ninamwelewa, maana nimefundisha madarasa yenye wanafunzi wengi kupita kiasi. Lakini najua pia kwamba mwalimu anayefukuza wanaosumbua hamalizi somo mapema, anabaki tu na wanafunzi wachache.

Pili ni kwamba hakuna anayehesabu. Kadi ya mtoto inaandikwa plasta ya ngapi na mguu umefikia alama gani. Haina mahali pa kuandika mtoto aliumwa kiasi gani. Mzazi asiporudi inaandikwa kwamba ametoroka tiba, na lawama inamwangukia yeye peke yake.

Tatu ni lugha. Sisi tuliosoma uhamishoni tulirudi na Kiswahili cha shule za Tanzania na Kirundi cha nyumbani, lakini Kifaransa cha hospitali hatukukikuta kambini. Mama aliyekulia Mtabila au Nduta anaambiwa maneno mawili matatu asiyoyaelewa, anaona aibu kuuliza, anatikisa kichwa na kuondoka. Tanzania plasta hii waliizoea kuiita hogo. Ukimwambia hogo lisiloweshwe na vidole vitazamwe kila siku, anaelewa mara moja. Makumi ya maelfu ya Wakongo waliovuka Rusizi mwaka 2025 wakikimbia vita nao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na muganga wetu. Karatasi moja ya maelekezo kwa Kirundi na Kiswahili, yenye picha, ingeziba pengo hili.

Nne ni safari yenyewe. Mwaka 2024 na 2025 foleni za mafuta ziliwafanya watu walale vituo vya basi. Mama anayefika kituoni baada ya usiku kama huo anafika na mtoto mwenye njaa na maziwa yaliyopungua. Mpaka wa Rwanda nao ulipofungwa Januari 2024, waliokuwa wakitibiwa upande wa pili walikatika ghafla. Mtu wa namna hiyo ukimpokea kwa mlango wa kufungwa, umempa sababu ya mwisho ya kutorudi.

YA KUFANYA SASA

Kwa mzazi mwenye mtoto kwenye plasta ningependa kusema haya. Dai kuingia na mwanao, kwa heshima lakini bila woga. Mwulize muganga wakati mzuri wa kunyonyesha ili njaa ya mtoto na zamu yake vikutane. Nenda na kitenge chenye harufu yako cha kumfunika. Usiitoe plasta nyumbani usiku wa kuamkia siku ya kituo, kwa sababu mguu unarudi nyuma. Maji ya sukari yaachie kituo, yatengenezwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kwa kipimo chao. Nyumbani, kabla ya miezi sita, mtoto anatosheka na ziwa. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu vinavyolegeza misuli ya kichanga hata ya kupumua.

Ukitoka kituoni, usiku wa kwanza mtoto anaweza kuhangaika. Mbebe, muinue miguu juu ya mto, mnyonyeshe, na mwulize muuguzi kuhusu parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Hapa nawaomba hasa wenzangu wa mpakani. Chupa za dawa za kikohozi na za usingizi zinazopita kwenye mifuko ya bidhaa zetu si za vichanga. Dawa yenye kodeini inaweza kumzuia mtoto kupumua, na aspirini haimfai. Pombe kidogo ya kumlaza, ambayo bado nasikia ikishauriwa, ni hatari tupu.

Kuna kilio ambacho si cha kutulizwa bali cha kukimbilia kituo. Bonyeza kidole cha mguu: kinapaswa kuwa cheupe kisha kurudi rangi yake katika sekunde mbili au tatu. Kikibaki cheupe, kikiwa cha buluu, baridi au kimevimba, au vidole vikizama ndani ya plasta, au plasta ikitoa harufu mbaya, au mtoto akilia mfululizo bila kutulizika, usingoje Alhamisi. Nenda siku hiyohiyo, hata kama mzigo umekwama forodhani.

Kwa wafanyabiashara, wiki hizi sita au nane zipangeni kama mnavyopanga msimu. Anayevuka Kobero au Mugina amwachie dada au shangazi mzigo wa biashara, si mtoto, kwa sababu ziwa haliachwi nyumbani. Na kwa anayerudi kutoka Nduta au Nyarugusu mtoto akiwa katikati ya tiba, kadi yake ni muhimu kama karatasi ya kurudi. Muganga wa upande huu akiiona atajua aanzie plasta ya ngapi.

Kwa wakubwa wa wizara na wa vituo, sitaki kuomba majengo. Ninaomba mambo manne yasiyohitaji msaada wa nje. Mama aruhusiwe kukaa na mtoto wakati wa plasta, na iwe kanuni, si hisani ya aliye zamu. Kadi iongezwe mstari mmoja wa maumivu. Sukari na maji yaliyochemshwa yawepo mezani pamoja na pamba na plasta. Na mama akikosa wiki moja, apigiwe simu aulizwe kulikoni, kabla hajaandikwa mtoro. Vituo vikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, vihesabu ni wangapi waliomaliza plasta zote. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama mimi nasema kweli.

Nilipokuwa darasa la tano uhamishoni nilisoma na kijana aliyetembea kwa ubavu wa nyayo. Hakuna aliyemfunga plasta alipokuwa mchanga. Alikuwa na akili ya hesabu kutuzidi wote, lakini shule ilikuwa mbali, na mvua zilipoanza vidonda vya miguu vilimshinda, akaacha. Sijui alikofikia. Ninapomwona mtoto amekatiza tiba, namwona yeye.

Mjukuu wetu alimaliza plasta, akakatwa kano, na sasa anavaa viatu vya chuma usiku. Kazi haijaisha. Wataalamu wanasema miguu mingi inayorudi kupinda inarudi kwa sababu viatu vimeachwa, na viatu navyo vinaachwa kwa sababu mtoto analia usiku na jirani anagonga ukuta. Mama yake ananipigia simu kutoka Mabanda: "Masenge, leo amevua mwenyewe." Namwambia amvalishe tena, akague kama ngozi imechubuka, ambembeleze, amwimbie. Anafanya hivyo. Bado hajakata tamaa.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni ya kweli, na mzazi anayekatisha tiba kwa kuogopa kilio atalia siku mtoto atakaposhindwa kufuata wenzake shuleni. Lakini wahenga hawakusema mtoto aachwe alie peke yake nyuma ya mlango. Walisema tusiogope kilio chake. Na asiyekiogopa ndiye anayeweza kukaa karibu na kukinyamazisha.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Mutanga Sud, Bujumbura.